Kumeza

Miaka ishirini na mitatu nimeonja kahawa ya watu
na kuitema.
Kijiko, mvuto mmoja wa kelele, ulimi ukishajua,
ndoo.
Hii ya Budadiri, hii ya Bulambuli,
hii ililala kwenye gunia bichi. Natema, naandika namba, natema.
Kwenye meza ya ushirika anayemeza hafiki saa sita,
moyo wake huanza kucheza kadodi.

Jioni hii Kuloba ameniita Namakwekwe,
nyuma ya gereji ya kaka yake,
kwenye mapipa aliyoyaunga kwa mabomba ya kiwanda cha maziwa.
Anamimina.
Inashuka polepole kama oili ya lori lililochoka,
na povu la rangi ya kaki linapanda, linakaa,
halina haraka ya kwenda popote.

"Stauti ya kifalme," anasema, akijifuta mikono kwenye suruali.
Mfalme yupi? Sisi wa Masaba hatukuwa na mfalme,
tulikuwa na mlima, na mlima hautozi kodi.
Anacheka. "Utaipa jina baadaye. Onja."

Nanusa.
Masizi ya jiko. Sukari guru iliyong'ang'ania chini ya sufuria.
Halafu kahawa. Hiyo naijua hata nikiwa usingizini:
ni ya juu kabisa, kule migomba inakoona baridi,
imechumwa na mtu mwenye subira, moja moja, nyekundu kwa nyekundu.
Ningeipa themanini na sita.
Lakini nyuma yake kuna kitu,
kichungu, cha udongo, kinachochechemea
kama mgeni aingiaye kwa mlango wa jikoni.

"Umetia nini?"
"Mzizi tu. Chikori. Nimeipanda pale nyuma ya tangi."

Nikakaa juu ya kreti.

Mwaka wa sabini na saba gunia la kahawa
ng'ambo ya Lwakhakha lilinunua ng'ombe;
huku kwetu lilinunua karatasi, na karatasi ilinunua ahadi.
Baba akavuka usiku na punda wawili,
kwato zimefungwa matambara,
na nyumbani haikubaki hata buni ya kuhesabia.
Mama akachimba mizizi, mbegu alipewa na watawa wa misheni,
akaikatakata, akaianika juu ya bati,
akaikaanga mpaka moshi ukatutoa nje.
"Kahawa hiyo, kunyweni."
Tukanywa.
Sisi tuliokuwa tumezama katika mibuni hadi shingoni
tukanywa kitu kilichojifanya kahawa
na kumwambia mama ni tamu.

Alirudi punda mmoja.

Nimekula kwa ulimi huu, nimesomesha watoto watatu kwa ulimi huu,
wazungu wameuchukulia bima,
na sijamwambia mtu hata siku moja
kwamba ladha ya kwanza ya kahawa ninayoikumbuka
haikuwa kahawa.

Kuloba ananisogezea ndoo kwa mguu. Ana adabu,
amesikia wafanyavyo wataalamu.
Naijaza midomo. Ni nzito, ina joto lake yenyewe,
asilimia kumi na moja, na haimfichi mtu.
Kahawa inatangulia. Mzizi unafuata.
Kisha sitambui tena ni nani aliyeuzwa
na ni nani aliyebaki na watoto,
wamepikwa chungu kimoja.

Ndoo inangoja.
Nameza.

Huo uchungu haushuki upesi, jamani.
Unakaa kwenye kingo za ulimi, mkavu, mrefu,
unatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kiti chake cha zamani.

"Haya, alama ngapi?"

Wanasema mwonja asali haonji mara moja. Hii si asali.
Juu ya mabati ukuta wa Wanale unapotelea gizani
na mahali fulani taa moja ya mtu imewaka.
"Punguza sukari," nasema. "Mzizi usiuguse."

Nikamnyoshea glasi.